Sura ya mutu haiko mali ya mwenye telefone

Kupiga foto na video barabarani, sokoni na ku machimbo: nini sheria inaruhusu, nini inakataza, na nini sisi wachimbaji wenyewe tunapaswa kubadilisha.

Siku moja, mama mumoja wa hapa Butembo alikuwa amekaa mbele ya meza yake sokoni, anauzisha unga wa mihogo. Jirani yake akamusogezea telefone na kumuuliza kama anajua hawa watu. Kwenye telefone kulikuwa foto: wanaume wane wamelala pembeni ya shimo, matope mpaka ndani ya macho. Mama hakutambua nyuso. Alitambua shati, kwa sababu kifungo cha ile shati alikuwa amekishona yeye mwenyewe siku bwana yake alipoenda.

Sisi wa sendika tulikuwa bado njiani. Tulikuwa kwenye pikipiki mbili, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na tulikuwa tunamuletea habari kwa mudomo, pamoja na muzee wa familia, sawa vile desturi inaomba. Tulifika saa tisa. Foto ilikuwa imefika saa mbili ya asubuhi. Tulikuta watu wamejaa kwake, na yeye alituuliza kitu kimoja tu: ni nani alipiga ile foto.

Ile siku hatukumujibu. Mwenye kupiga ile foto alikuwa wa kwetu, memba wa sendika, kijana mwenye nia nzuri. Alitaka watu wajue namna tunakufa. Aliituma kwenye grupe moja ya WhatsApp. Saa moja kisha, ilikuwa kwenye magrupe hata yeye hayajui.

Lakini kuko habari ingine, na hiyo pia tunapaswa kuisema. Kwenye machimbo mengine, udongo ulianguka juu ya watu, na PDG wa shimo akasema kama walishuka usiku bila yeye kujua. Kama ni hivyo, hana deni na familia. Kumbe kijana mumoja alikuwa amepiga video mbele ya kushuka. Ukuta wa shimo unaonekana umepasuka, na sauti ya PDG inasikika, anawaambia washuke haraka kwa sababu mununuzi wa zahabu anangojea. Tulipomuonyesha ile video mbele ya wazee na avoka, PDG aliacha kubisha. Familia zilipata kitu cha kusomesha watoto.

Telefone ni ileile. Moja ilimuumiza mujane, ingine iliwasaidia wajane. Ndiyo maana tumekaa, tumeuliza maavoka, tumesoma sheria, na leo tunawaandikia ninyi wenzetu wa Butembo, Beni, Manguredjipa, na kila mahali pale mutu anashuka ndani ya shimo na telefone mufukoni.

SHERIA INASEMA NINI

Watu wengi wanasema: barabara ni ya wote, basi kila kitu chenye kuwa barabarani ninaweza kukipiga foto na kukitia kwenye mutandao. Wengine wanasema kinyume: kupiga foto ya mutu bila kumuomba ni kosa, utaenda kasho. Wote wawili wanasema nusu ya ukweli.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18/2/2006 inatupa haki mbili zenye zinavutana. Article 23 inasema kila mutu ana uhuru wa kutoa mawazo yake, na inataja njia tatu: kusema, kuandika, na picha. Picha imeandikwa ndani ya Katiba, si kitu cha kuombea mutu huruma. Lakini article ileile inaongeza kama ile haki inatumiwa kwa kuheshimu sheria, utulivu wa watu wote, na mwenendo muzuri. Kisha, article 31 inasema kila mutu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya pekee, na siri ya barua na mazungumuzo yake.

Kisha kuko sheria zingine chini ya Katiba. Sheria ya tarehe 5/4/1986 juu ya haki za watunzi inasema, kwa kifupi, kama mwenye kutengeneza sura ya mutu hawezi kuionyesha mbele ya watu wote bila yule mutu kukubali. Hata kama telefone ni yako, hata kama ulijipatia taabu ya kupiga hiyo foto, uso si wako.

Code du numérique, ya tarehe 13/3/2023, inalinda habari zenye kumutambulisha mutu na inaweka kanuni juu ya namna ya kuzikusanya na kuzitumia. Uso unamutambulisha mutu kuliko jina. Katika hiyo sheria kuko tena article 360, yenye inapiga azabu mutu mwenye kuanzisha ao kutumatuma habari ya uongo juu ya mutu kupitia mitandao. Angalieni hilo neno: kutumatuma. Hata kama si wewe ulianza, kama uliipeleka mbele, uko ndani.

Kuko tena Code pénal, article 74, yenye inapiga azabu mutu mwenye kumusingizia mwenzake mambo ya kumuharibia heshima. Ukipiga foto ya kijana sokoni na kuandika chini yake kwamba yeye ni mwizi ao ni mushiriki wa waasi, kosa lako si foto tena. Ni yale maneno. Na sisi wa Beni na Butembo tunajua maneno ya namna ile yanaweza kumufikisha mutu wapi. Kuko watu wenye walipigwa mpaka kufa kwa sababu ya kusingiziwa barabarani, mbele hata polisi haijafika.

Mwishoni kuko Code civil, kitabu cha tatu, article 258. Hiyo kila avoka anaijua kwa kichwa: mutu yeyote mwenye kumuletea mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimishwa kuilipa. Ndiyo mulango wenye mujane wetu angeweza kupitia, kama angetaka. Anaweza kusimama mbele ya tribunali na kusema: hii foto iliniumiza, hakuna mutu aliniomba, nataka malipo.

KUPIGA NI KITU KIMOJA, KUTUMA NI KITU KINGINE

Tofauti ya kwanza ya kujua ni hii. Kupiga foto ya barabara, ya soko, ya rond-point VGH saa ya mutaa, hiyo peke yake si kosa. Watu wenye wanapita hawajakuwa kichwa cha habari. Ni watu ndani ya foto ya muji. Sheria yetu ilitoka kwa Wabelgiji, na katika inchi zenye kufuata sheria ya namna hiyo, wanatofautisha foto ya kundi la watu na foto ya mutu mumoja mwenye umemukamata katikati na umemukaribisha. Ya pili ndiyo inaomba ruhusa.

Tofauti ya pili ni mahali. Barabara, soko, uwanja, mkutano wa watu wote: hapo ni mahali pa watu wote. Chumba cha hospitali, nyumba ya mutu, duka ndogo ya mununuzi wa zahabu, kanisa wakati wa mazishi: hapo unaingia kwa mutu, hata kama mulango uko wazi. Na machimbo? Wengi wanatuuliza hivyo. Machimbo si barabara. Kuko koperative, kuko wenye mashimo, kuko Division des mines na SAEMAPE. Mwenye mahali anaweza kuweka kanuni zake juu ya wageni na kamera. Lakini hakuna kanuni ya koperative yenye inaweza kukukataza kushitaki jambo lenye kuua watu. Ukiona hatari, ukaipiga foto ili uipelekee mukubwa wa mines, ao avoka, ao sendika, hiyo ni ushuhuda. Ukiitia kwenye Facebook na maneno ya kucheka, hiyo ni kitu kingine.

Tofauti ya tatu ni kazi yenye mutu anafanya. Gavana, meya, mukubwa wa polisi, mutu wa serikali mwenye anasema mbele ya watu: wakati yuko kwenye kazi yake, sura yake ni sehemu ya kazi. Akirudi nyumbani kwake na watoto wake, amekuwa baba wa watu sawa na sisi.

Wenzetu wa Kenya wameisha kuona namna hiyo inageuka kuwa feza. Mwaka wa 2023, ofisi yao yenye kulinda habari za watu ilipiga amande baa moja ya Nairobi, shilingi 1.850.000, kwa sababu ilitia kwenye mutandao foto ya mutu mwenye alikuja kunywa, bila kumuomba. Masomo moja ilipigwa amande ya shilingi 4.550.000 kwa sababu ya foto za wanafunzi wenye wazazi wao hawakuulizwa. Kumbukeni kama yule mutu wa baa alikuwa mahali pa watu wote. Hakuwa amejificha. Hata hivyo sura yake haikukuwa tangazo la biashara ya mwengine.

KUPIGA VIDEO WENYE BUNDUKI

Hapa ndipo swali inakuwa nzito kwetu. Tarehe 31/7/2022, ku mupaka wa Kasindi, territoire ya Beni, askari wa MONUSCO wenye walikuwa wanatoka likizo walifyatua risasi juu ya watu kwenye bariere. MONUSCO yenyewe ilitangaza watu 2 walikufa na 15 waliumia. Bado tunakumbuka namna ile habari ilifika: ilifika kwa video, yenye ilipigwa na watu wa hapo. Bila zile video, pengine tungesikia tu kama kulikuwa «fujo ku mupaka». Ile siku, wakubwa wa Umoja wa Mataifa hawakuweza kubisha. Walisema wameshituka, na wakatangaza kama wenye walifyatua walitambuliwa na kukamatwa.

Wenzetu wachimbaji wa Rwanda wana mufano wao. Mwezi wa nane 2021, video ilizunguka: mukubwa mumoja Mchina wa machimbo, upande wa magharibi ya Rwanda, anapiga kiboko mutu mwenye amefungwa kwenye muti, kwa kusema aliiba madini. Mwezi wa ine 2022, tribunali ya Karongi ilimuhukumu miaka 20 ya kifungo. Ni watu wangapi walipigwa hivyo mbele ya ile video, na hakuna mutu alisadiki maneno yao?

Kwa hiyo hatutasema: musipige video wakubwa. Code minier yetu, ya 2002 na yenye ilirekebishwa tarehe 9/3/2018, inakataza waziwazi ku article 27 askari wa jeshi, polisi, magistra na watumishi wa serikali kujitia katika kazi ya kuchimba. Sote tunajua namna mambo iko ku mashimo mengi. Kama hakuna mwenye anaonyesha, ile article itabakia karatasi.

Lakini tunaomba mufikiri mbele ya kuinua telefone. Tangu tarehe 6/5/2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri waliingia katika état de siège. Wanajeshi na wapolisi walikamata nafasi za magavana na mameya, na tribunali za jeshi zilipewa kesi za raia. Beni hatujasahau vijana 12 wa LUCHA. Walikamatwa mwezi wa 11, 2021 wakiwa katika maandamano ya amani, wakakaa gerezani, na tarehe 1/4/2022 tribunali ya jeshi ikawapa miezi 12. Haki kwenye karatasi ni kitu kimoja, bariere ya usiku ni kingine.

Basi, hivi ndivyo tunawaambia wamemba wetu:

Musipige foto ya kambi ya jeshi, ya wanajeshi wakiwa wanaenda kwenye vita, ya uwanja wa ndege wa Mavivi, ya bariere ao ya mupaka. Hata kama nia yako ni nzuri, adui anaangalia mitandao ileile yenye wewe unaangalia. Vilevile musionyeshe mahali watu wamekimbilia, ao barabara gani wamepitia. Katika hii inchi ya Beni, foto ya wakimbizi yenye kuonyesha kijiji ni sawa na kumuelekeza muuaji.

Kama askari anakushika kwa sababu ya video, usigombane. Uhai unapita telefone. Lakini sema kwa utulivu, «Shefu, ninaomba munipeleke kwa OPJ.» OPJ ndiye ana haki ya kushika kitu chako kama kitu cha kesi, na anapaswa kuandika procès-verbal yenye kuonyesha alishika nini. Kushika telefone bila karatasi, ao kuomba feza ili airudishe, hiyo haiko sheria. Kusoma mazungumuzo yako ya WhatsApp kwenye bariere, hiyo nayo inagusa article 31.

Kama umewekwa kasho, Katiba article 18 inasema uambiwe mara moja sababu ya kukushika, katika luga yenye unasikia, na uruhusiwe kuonana na familia ao avoka wako. Garde à vue haipiti saa 48. Kisha saa 48, wakuachilie ao wakupeleke mbele ya magistra. Fundisheni watoto na bibi zenu hii hesabu. Familia yenye inajua saa 48 inafika kwenye mulango wa kituo na maneno ya kusema. Familia yenye haijui inafika na machozi tu, na feza za kutoa.

WAFU, WAGONJWA, WATOTO

Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji ya Beni yametuletea foto zenye hatutaki hata kuzitaja. Watu wanazituma kwa sababu ya hasira: dunia ione. Tunaelewa ile hasira. Lakini tujiulize nani anafurahi akiona zile foto. Wauaji wenyewe wanapiga foto na kuzitangaza, kwa sababu woga ni silaha yao. Tukizituma, tunafanya kazi yao bila mushahara.

Na wafu wana wenyewe. Ile sheria ya 1986 haisahau familia: mutu akiisha kufa, ruhusa inaombwa kwa wenye walibakia. Lakini mbele ya sheria, kuko desturi. Kwetu mufu anafunikwa. Mutu hapiti mbele ya mufu mwenye hajafunikwa, anatosha hata koti yake na kumufunika. Mbona tukiwa na telefone mukononi tunafunua kile wazee walifunika?

Tulipata somo lingine wakati wa Ebola. Ile ya kwetu ilitangazwa tarehe 1/8/2018 ku Mangina na ikaisha tarehe 25/6/2020, watu zaidi ya 2.200 wamekufa. Foto za wagonjwa na za watu wenye nguo za kujikinga wakibeba masanduku zilitembea katika Butembo na Beni, na maneno ya kila namna chini yake. Kuko wenye walipona, wakarudi nyumbani, wakakuta watu hawataki kununua kitu kwao kwa sababu sura yao ilionekana. Ugonjwa ulitoka mwilini, foto ikabakia. Mugonjwa hospitalini, mutu mwenye ametoka shimoni na mukono umekatika, mwanamuke mwenye alitendewa mabaya: hao musiwapige foto hata kwa kusema munawaombea musaada, kama hawajakubali wenyewe na akili yao imetulia. Juu ya wanawake wenye walitendewa mabaya, sheria ya tarehe 20/7/2006 inaomba magistra wenyewe walinde heshima na siri yao. Kama magistra anaombwa kuficha, sisi ni nani wa kufunua?

Mutoto ni mutu mwenye hajafika miaka 18. Sheria ya tarehe 10/1/2009 inamulinda. Yeye hawezi kukupa ruhusa, ni muzazi ndiye anaulizwa. Na hata muzazi akikubali, tufikiri. Watoto wenye wanaosha muchanga na kubeba mawe ni shida ya kweli, na Code minier inakataza kazi yao. Lakini yule mutoto atakuwa mukubwa. Je, atapenda watu wa darasa lake wamuone akiwa uchi na matope, na maneno chini yake juu ya umaskini wa wazazi wake? Piga mikono. Piga karai. Piga mugongo. Habari itasikilika bila uso.

WAGENI WENYE KAMERA

Mara nyingi tunapokea wageni. Wengine ni waandishi wa habari, wengine wa mashirika, wengine wanunuzi wenye wanataka kuonyesha wateja wao kama madini ni safi. Wanapiga foto, wanapanda gari, wanaenda. Hatuoni tena ile foto ilifika wapi.

Mwezi wa tatu 2021, video ya Luhihi, Kivu ya Kusini, ilizunguka dunia: mamia ya watu wanachimba mulima kwa majembe na mikono, wakitafuta zahabu. Serikali ya provinsi ilikuwa imeisha kufunga yale machimbo kwa sababu ya wingi wa watu. Watu wa inchi za mbali walishangaa na kucheka. Hakuna hata mumoja wa wale wenye walionekana mwenye alilipwa, na hakuna mwenye aliulizwa jina.

Kuko foto ya zamani sana yenye ilifanya kazi ingine. Mwaka wa 1904, ku Baringa, Alice Seeley Harris, mumisionere Mwingereza, alipiga foto ya Nsala wa Wala. Yule baba amekaa, anaangalia mukono na muguu wa mutoto wake, vyenye askari wa kampuni ya mupira walikuwa wamekata. Ile foto ilionyeshwa katika Ulaya na Marekani, na ni moja ya vitu vyenye vilifanya mufalme Leopold II aachilie Kongo mwaka wa 1908. Nsala alikuja yeye mwenyewe na ule mushahidi, ili watu waone. Jina lake liliandikwa, na tunalijua mpaka leo. Hiyo ndiyo tofauti: mutu mwenye analeta ushuhuda wake na mutu mwenye ananyanganywa sura yake.

Kwa hiyo, mugeni akifika na kamera, muko na haki ya kuuliza maswali mane. Wewe ni nani na unatumwa na nani? Hii foto itaenda wapi? Utaandika jina langu ao hapana? Kama nikigeuza mawazo, nitakupata wapi? Mutu mwenye kazi yake ni safi atajibu bila hasira. Mwenye kuficha, mumunyime. Na musikubali kwa sababu ametoa biskwiti ao feza ya soda. Ruhusa yenye imenunuliwa na njaa haiko ruhusa.

KOSA LETU, NA KANUNI ZETU

Tulisema kama tutasema ukweli, basi tuseme mupaka mwisho. Tulipiga video mukutano wetu mumoja juu ya taxe zenye hazina karatasi. Tulikuwa tunajisikia vizuri, kulikuwa watu wengi, tukaitia kwenye grupe. Siku ya tatu, memba wetu mumoja, baba wa watoto watano, alifika ku shimo, PDG akamuonyesha telefone: huyu si wewe? Akafukuzwa. Miezi mingi alikaa bila kazi. Hakuna mutu alikuwa amemuuliza kama anakubali kuonekana. Tulikuwa tunalaumu wageni wenye kamera, kumbe na sisi tulikuwa wageni wenye kamera.

Tangu hapo tulikubaliana mambo haya, na tunaomba kila koperative na kila kikundi waangalie kama yanaweza kuwasaidia:

Moja, mbele ya mukutano tunatangaza kama kutakuwa foto. Mwenye hataki anakaa nyuma, na hakuna mwenye atamucheka.

Mbili, ushuhuda wa ajali unapigwa mahali, si watu: ukuta wa shimo, mbao, kamba, pompi, tarehe na saa. Ile video inapelekwa kwa watu wawili wenye tumechagua, na haiingie kwenye grupe.

Tatu, mufu hapigwe foto ya kutuma. Kama kesi inaomba foto, hiyo ni kazi ya OPJ na munganga.

Ine, hakuna foto ya ajali yenye inatoka mbele familia yote haijapata habari kwa mudomo wa mutu.

Tano, mwenye kupiga video anaiweka bila kuikata na bila kuitia musiki. Avoka alituambia kama video yenye imekatwakatwa, mutu wa upande mwengine ataibisha kwanza.

Sita, hatutumi kitu chenye hatujui kilitoka wapi. Stanis Bujakera, mwandishi wa habari wa Kinshasa, alikamatwa tarehe 8/9/2023, na akatoka gerezani tu tarehe 19/3/2024, kwa sababu ya makala yenye wakubwa walisema ni ya uongo. Alikuwa mutu mwenye anajulikana, na dunia ilisimama kumutetea. Muchimbaji wa Manguredjipa nani atasimama kwa ajili yake?

Yule kijana mwenye alipiga foto ya wale wane alienda yeye mwenyewe kwa mujane. Hatukumutuma. Alienda na dada yake mukubwa, akakaa chini, akasema ni mimi. Mama alikaa kimya muda murefu. Kisha alimuuliza kama bwana yake, wakati wanamutosha, alikuwa bado ana joto. Kijana akamuambia kama ndiyo, na kama yeye ndiye alimufunga macho. Mama akamuambia, hiyo ndiyo habari alikuwa anangojea mutu amuletee.

Foto haikuwa imemuambia hivyo.